Darasa la mapishi ndani ya duka la vyombo, Ngamiani: shajara ya mradi

5 Oktoba 2024: Tunapoanzia

Duka letu la vyombo vya jikoni liko Ngamiani, hapa Tanga. Tunauza sufuria, vikaango, vyuma vya vitumbua, mbuzi za kukunia nazi, hotipoti, majiko ya presha, blenda na kadhalika. Nyuma ya duka kuna chumba kilichokuwa stoo, na sasa tunakigeuza kiwe mahali pa kufundishia mapishi. Naandika shajara hii ili mwenye duka kama letu, awe Muheza, Korogwe au Pangani, aige kilichofaa na aruke kilichotula fedha bure. Nitaongeza maandishi kila hatua ikikamilika.

Wazo limetoka kwenye daftari la marejesho. Mama, ambaye ndiye mwenye duka, huandika kila chombo kinachorudishwa pamoja na maneno ya mteja kama yalivyotoka kinywani mwake. Tulikaa naye tukalisoma lote, tukapanga malalamiko mafungu mafungu. Vyombo vilivyokuwa na kasoro tangu vinatoka kiwandani vilikuwa vichache: mpini uliolegea, mfuniko usiokaa sawa. Vingine vyote vilikuwa vizima, lakini vimekutana na moto au mkono usioviendea. Chuma cha vitumbua "kinang'ang'ania". Kikaango cha nonstiki "kimebanduka". Jiko la presha "linavuja". Sufuria "inaunguza". Blenda "imenuka moshi".

Mteja hasemi uongo. Kitumbua kimeng'ang'ania kweli, unga wa mchele umeharibika na hela imeshatoka. Ukimwambia hajui kutumia, umemfukuza. Ukimbadilishia chombo, umempa kingine kitakachomfanyia yaleyale wiki ijayo. Kinachobaki ni kuwasha moto mbele yake na kupika naye, kwa chombo kilekile.

Kuna jambo jingine linalotusukuma. Watu wanahama kutoka mkaa kwenda gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sisi uhamaji huo tunauona kwenye daftari: mpishi ni yuleyule, sufuria ni ileile, moto umebadilika, na lawama inaiangukia sufuria.

26 Oktoba 2024: Chumba, moto, gharama

Kazi ya ujenzi haina mengi. Tumejenga benchi la zege lenye vigae, sh. 380,000. Majiko mawili ya gesi ya plati mbili, sh. 140,000. Mitungi miwili ya kilo 15 pamoja na gesi yake, sh. 240,000, regileta na mipira, sh. 60,000. Kizimamoto cha unga cha kilo 6, sh. 85,000. Majiko matatu ya mkaa, sh. 45,000. Ndoo zenye koki, mabeseni na aproni, sh. 70,000. Jumla sh. 1,020,000.

Majiko ya mkaa tumeyaweka kwa makusudi. Kuna waliotushauri tufundishe kwa gesi tu ili chumba kionekane cha kisasa. Lakini mwanafunzi akirudi Makorora au Mwanzange na kukuta jiko la mkaa linamsubiri, somo la gesi limebaki kwetu.

Kilichotupa shida ni mitungi. Fundi alikuwa ameipangia nafasi chini ya benchi, nyuma ya pazia, na kwa macho palipendeza. Tatizo ni kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inashuka na kutanda sakafuni, na madirisha ya stoo yetu yako juu karibu na dari. Kwa asili gesi hiyo haina harufu. Ile harufu kali huongezwa ili mtu ashtuke. Akishtuka ndani ya chumba kisicho na tundu chini, gesi haina pa kutokea.

Tumeitoa mitungi nje, tumeisimamisha ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli na paa dogo la bati, mipira ikapitishwa ukutani ndani ya bomba. Kisha tumetoboa ukuta usawa wa sakafu na kuweka matofali ya matundu pande mbili ili hewa ipite. Hiyo ni sh. 150,000 ambayo haikuwemo kwenye hesabu. Anayeiga aanze na hili kabla ya vigae. Kila asubuhi ya darasa tunapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote. Mapovu yakivimba, hakuna kuwasha.

9 Novemba 2024: Vitumbua, darasa la kwanza

Nafasi sita, sh. 10,000 kila mmoja, saa tatu asubuhi. Mwalimu ni shangazi, ambaye vitumbua vyake vinajulikana mtaani. Mchele uliloweshwa usiku, ukasagwa na tui zito, hamira, iliki na sukari, ukaumuka vizuri. Mpaka hapo hakuna la kuandika.

Tuliwapa wanafunzi vyuma vipya kutoka rafuni, na shangazi akapika kwa chuma chake cha siku zote. Vya kwake viligeuka kwa ncha ya kijiti bila taabu. Vya wanafunzi viling'ang'ania vyote, vikatoka vipande vipande. Dada mmoja aliweka kijiti chini akasema, "Shangazi, chuma kizuri umejiwekea wewe, kibovu mmetuuzia sisi." Hakusema kwa ubaya, na kwa alichokiona kwa macho yake alikuwa na haki. Mama aliwarudishia wote fedha zao na kuwaomba waje tena bila malipo.

Hasara ya siku hiyo: viungo, mafuta na gesi sh. 30,000, ujira wa shangazi sh. 30,000.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni chuma chenyewe. Kile cha shangazi kimekaangwa kwa miaka, na mafuta yameshikana na uso wake kwa joto mpaka yakawa ganda jeusi, gumu na laini. Chuma kipya hakina ganda hilo. Tena mara nyingi kinakuja na mafuta ya kiwandani ya kuzuia kutu, ambayo hayafai chakula na yanapaswa kuoshwa kabisa.

Ya pili ni moto. Mkaa husambaa chini ya chuma chote. Plati ya gesi hutoa duara la moto katikati, kwa hiyo tundu la kati linaungua wakati ya pembeni bado yana uvuguvugu. Uji wa mchele ukimiminwa kwenye tundu lisilo na joto la kutosha hunata kabla haujafanya ngozi. Sukari nayo inazidisha, maana huungua na kushika. Hapo tulipunguza kipimo.

23 Novemba 2024: Vitumbua tena

Safari hii darasa lilianza na chuma kikavu, kabla hata ya kugusa mchele. Kila mwanafunzi alifanya hivi kwa mkono wake: osha chuma kipya kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kikaushe juu ya moto papo hapo, kikiwa na joto, pakaa mafuta kidogo mno, kisha futa kwa kitambaa kana kwamba unataka kuyaondoa yote, rudisha motoni mpaka kitoe moshi na moshi uishe, acha kipoe. Rudia. Ndani ya asubuhi moja rangi inahama kutoka kijivu kwenda kahawia, halafu karibu na nyeusi. Mafuta yakiwa mengi hayafanyi ganda, yanabaki yakinata kama gundi, na hilo lilimpata mmoja wao. Chuma chake tulikisugua kwa chumvi na mafuta, akaanza upya.

Kwa upande wa gesi, tulitandika bati nene la chuma juu ya plati, chuma cha vitumbua kikakaa juu yake. Joto linasambaa, ingawa lazima usubiri zaidi mwanzoni. Fundi wa Barabara ya kumi na mbili alitukatia mabati hayo kutoka kwenye mabaki, sh. 6,000 kila moja, na sasa tunayauza.

Vitumbua vilitoka. Si vyote. Vya mwanzo huwa vinapotea kwenye chuma kigeni na tunawaambia watu mapema wasivihuzunikie.

Jambo la Tanga ambalo mtu wa bara huenda asilione: hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na chuma kilicholala na maji usiku mmoja kinaamka na kutu. Tunasisitiza kukausha motoni, si kwa kitambaa pekee, na kupaka mafuta kabla ya kuweka kabatini.

Tangu leo, anayenunua chuma cha vitumbua au kikaango cha chuma anaweza kukaa nusu saa nyuma akakikaanga mara ya kwanza pamoja nasi bila malipo. Inatugharimu gesi na kijiko cha mafuta.

14 Desemba 2024: Wali wa nazi na pingili ya kidole

Hili ndilo darasa lililonifundisha zaidi.

Bibi mmoja wa Chumbageni alikuwa amerudisha sufuria pana aliyonunuliwa na mwanawe. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akasema moja kwa moja: "Mwanangu, mimi napika wali tangu mama yako hajaolewa. Napima kwa kidole, sijawahi kukosea. Sufuria yenu inatoa bokoboko." Mama alimwomba aje darasani kama mgeni wetu, apike mbele ya watu kwa sufuria ile na kwa sufuria yake ya zamani.

Akaja. Mchele uleule, kiasi kilekile, tui lilelile. Alipima kama anavyopima siku zote: ncha ya kidole iguse mchele, tui lifike pingili ya kwanza. Kwenye sufuria yake wali ulichambuka punje kwa punje, mzuri mno. Kwenye sufuria pana ulikuwa bokoboko, kama alivyosema.

Hapo tulichukua sufuria mbili tupu tukapima kwa maji mbele ya wote. Yake ina upana wa sentimita 20, mpya ina 28. Pingili ni kama sentimita mbili na nusu. Kina hicho kwenye sufuria nyembamba ni karibu robo tatu ya lita juu ya mchele. Kwenye sufuria pana ni lita moja na nusu. Upana umeongezeka sentimita nane tu, lakini uso wa maji umekaribia mara mbili, na maji ni mara mbili, ilhali mchele haujaongezeka. Sufuria pana hukausha maji haraka kidogo kwa sababu mvuke unatoka kwa nafasi, ila hiyo haitoshi kumaliza robo tatu ya lita iliyozidi.

Bibi alitazama mtungi wa kupimia, akasema, "Kumbe kidole changu kinaijua sufuria yangu." Nimeyaandika maneno yake kwenye ukurasa wa mbele wa daftari la marejesho. Kidole cha bibi hakikuwa na kosa, na sufuria haikuwa na kosa. Duka ndilo lenye wajibu wa kusema, wakati wa kuuza, kwamba chombo kipya kinahitaji kipimo kipya.

Tunavyofundisha sasa: pima mara moja tu kwa kikombe chako cha nyumbani, kwa mchele unaotumia kila siku, mpaka upate uwiano unaokupendeza. Siku uliyopata, kabla ya kuwasha moto, simamisha mwiko ndani ya sufuria mpaka uguse chini, na utie alama kwa kisu pale tui lilipofika. Alama hiyo ni ya sufuria hiyo na kiasi hicho cha mchele. Seti za vikombe vya kupimia tulizokuwa tunazinadi tumeacha kuzitaja. Watu wanazinunua na kuzifanya za kuchotea sukari.

Sehemu ya pili ilikuwa moto wa juu. Kwenye mkaa, tui likikauka unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, wali unaiva pande zote. Gesi haina makaa ya kupalia. Waliohamia gesi wanalalamika wali una kiini juu na umeungua chini. Tulijaribu kwanza kuweka sufuria yenye maji ya moto juu ya mfuniko. Inabana mvuke vizuri, ila ni nzito na inayumba, na chumba chenye watu sita si mahali pa kuyumbisha maji ya moto. Tumeacha. Kilichofaa ni bati lilelile la vitumbua chini ya sufuria, moto mdogo kuliko wote, na jani la mgomba limefunika wali kabla ya mfuniko. Jani linazuia mvuke usitoroke na linatoa harufu nzuri. Wengine walizoea kufunika kwa nailoni. Darasani hatuiruhusu: inalegea kwa joto na kugusa chakula.

Ukoko tuliuacha bila kuufundisha. Kila nyumba ina msimamo wake.

11 Januari 2025: Jiko la presha

Kabla ya darasa hili tulifungua majiko ya presha yaliyorudishwa kwa sababu ya "kuvuja" ambayo yalikuwa yamekaa stoo. Mengine mpira wa mfuniko ulikuwa umewekwa kinyume. Mengine ganda la harage lilikuwa limenasa ukingoni. Na mengine mpira ulikuwa umekauka na kupoteza unyumbufu. Hakuna hata moja lililohitaji kutupwa. Wateja wengi hawakujua kwamba mpira huuzwa peke yake, na kweli sisi hatukuwa na mipira ya akiba. Sasa ipo ya vipimo vinne, kati ya sh. 4,000 na 7,000. Njoo na wa zamani tulinganishe.

Tatizo kubwa la darasa lilikuwa woga. Kila mtu ana kisa cha jiko lililorusha mfuniko darini. Tulipanga kuanza na maharage ya Lushoto moja kwa moja, na mvuke ulipoanza kupiga mluzi, wanafunzi wawili wakatoka nje wakasimama uani mpaka mwisho. Walilipa, hawakujifunza kitu. Mmoja alisema kwa upole, "Kaka, mimi kwangu lipo kabatini tangu harusi yangu, na litaendelea kukaa."

Tuliita watu upya baada ya kubadilisha mpango. Somo sasa linaanza na maji matupu. Kila mmoja anafunga mfuniko kwa mkono wake, anasikiliza mvuke unavyobadilika sauti, anazima, anasubiri, na anafungua mwenyewe baada ya kuhakikisha shinikizo limekwisha. Hakuna chakula, hakuna haraka. Tunaeleza kinachoendelea: maji yaliyobanwa kwa shinikizo yanachemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100, ndiyo maana maharage yanalainika kwa muda mfupi na gesi kidogo. Tunaonyesha kizibo cha usalama kilipo na kwa nini tundu la mvuke litazamwe dhidi ya mwanga kabla ya kila pishi.

Halafu ndiyo maharage, yaliyolowekwa usiku. Jiko halijazwi zaidi ya theluthi mbili kwa chakula cha kawaida, na kwa maharage mwisho ni nusu, kwa sababu povu na maganda yake hupanda na kuziba tundu. Kulazimisha mfuniko ufunguke ndiko kunakorusha vitu darini. Yule dada wa kabatini alirudi, akafunga na kufungua, na wiki iliyofuata akatuma picha ya makongoro kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilifurahi kuliko siku ya mauzo makubwa.

25 Januari 2025: Punguzo lililoleta marejesho

Hili linahusu fedha, na linamhusu yeyote anayetaka kuiga.

Tulikuwa tunamkata mwanafunzi ile ada ya sh. 10,000 kwenye bei ya chombo akinunua siku ileile. Mauzo ya Jumamosi, siku ya darasa, yalipanda. Jumatatu na Jumanne marejesho yalipanda pia. Tulipowauliza, walisema walichukua haraka ili punguzo lisipotee. Mwalimu mmoja wa shule alibeba sufuria nzito namba kubwa. Kufika nyumbani haikai kwenye jiko lake, inapinduka. Mwingine alichukua kikaango kipana kuliko plati yake.

Tumebadilisha hivi. Punguzo linaishi mwezi mzima. Kabla ya kununua, tunamwomba mtu apime jiko lake kwa kipande cha uzi na kuuleta. Na tumeanzisha azima: sufuria nzito, kikaango cha chuma na chungu vinaazimwa siku tatu kwa amana ya nusu ya bei. Chungu kimoja kilirudi na ufa, kwa sababu maji baridi yalimiminwa kikiwa cha moto. Amana ilifidia, na sasa onyo hilo linasemwa kabla chungu hakijatoka mlangoni. Faida inakuja polepole zaidi kuliko kwa punguzo la siku moja, lakini kinachonunuliwa hakirudi.

Ada nayo imepanda kuwa sh. 15,000. Kwa 10,000 watu sita walilipia viungo, gesi na ujira wa shangazi tu, na maji na usafi tukabeba sisi. Hakuna aliyegoma, kwa sababu kila mmoja anaondoka na alichopika.

15 Februari 2025: Kuelekea Ramadhani

Kwa duka la vyombo hapa Tanga huu ndio msimu. Kila nyumba inatazama makabati yake: sufuria ya futari, chupa ya uji, sinia. Tulifundisha tui.

Malalamiko mawili yalitoka kwenye daftari. La kwanza: "sufuria inakata tui". Sufuria haikati tui. Tui hukatika, yaani mafuta na maji yake hutengana, likichemka kwa nguvu bila kukorogwa, au ndimu na ukwaju vikitiwa mapema. Wanafunzi walipika mihogo ya futari kwa tui jepesi kwanza, tui zito mwisho kwa moto mdogo, mwiko haupumziki. Mchuzi wa samaki wa ukwaju tuliupika mara mbili, kwenye sufuria ya alumini na kwenye chungu, kwa changu wa soko la Deep Sea. Ukali wa ukwaju hula alumini kidogo kidogo, na kwenye sufuria nyembamba iliyopikiwa muda mrefu wengi waliisikia ladha ya chuma. Wa chungu uliisha kwanza, pamoja na bada, ugali wa muhogo, alilokuja nalo mwanafunzi mmoja kutoka kwake bila kuombwa.

La pili: blenda zinazonuka moshi. Blenda nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika. Zikisaga mchele mkavu, au nazi ya vipande vikubwa bila maji, mota hupata moto mpaka nyaya zinaungua. Kata nazi ndogo ndogo, tia maji ya uvuguvugu, saga kidogo, zima, rudia. Mchele uloweshwe usiku. Tulilinganisha pia na mbuzi na kifumbu cha kukamulia tui. Tui la mbuzi lilikuwa zito na halina chembe. La blenda lilichukua muda mfupi. Mwenye nazi mbili achukue mbuzi, mwenye nazi kumi achukue blenda, huo ndio ushauri tunaotoa dukani hata kama blenda ina faida kubwa zaidi kwetu. Na mbuzi iliyochoka haihitaji kutupwa, meno yake yananolewa kwa tupa.

12 Aprili 2025: Baada ya Idi

Wakati wa Ramadhani tulisimamisha madarasa, tukabaki na kukaanga vyuma tu kwa wanunuzi, asubuhi.

Daftari la marejesho tangu Januari linasomeka tofauti. Vyuma vya vitumbua vimeacha kurudi. Majiko ya presha yanakuja kutafuta mipira, hayaji kurudishwa. Sufuria pana zinarudi mara mojamoja, na kila mara mnunuzi ni mtu aliyemnunulia mwingine zawadi. Kwa hao tumeanza kutia ndani ya sufuria kikaratasi chenye maelezo ya alama ya mwiko.

Ambalo halijatengemaa ni nonstiki. Darasani tunaeleza: isiachwe tupu juu ya moto mkali, kwa sababu utando wake huanza kuharibika joto likipita takriban nyuzi 260 na kikaango kitupu hufika huko upesi, mwiko wa mbao, sifongo laini, siyo waya wa kusugulia wala mchanga na majivu. Wanafunzi wanaelewa. Wakifika nyumbani, anayeosha vyombo ni mwingine, mara nyingi binti wa kazi au watoto, na hao hawakuwepo. Tulijaribu kubandika karatasi ya maelekezo kwenye mpini. Inaloa siku ya kwanza. Kuanzia mwezi ujao kila aliyelipia anaweza kuja na anayemsaidia jikoni bila kuongeza ada, na sehemu ya kuosha vyombo, ambayo tulikuwa tunaifanya wenyewe baada ya watu kuondoka, inaingia ndani ya somo.

Mama lishe wa karibu na stendi wameomba darasa lao. Asubuhi hawawezi, wako kwenye moto. Tumekubaliana Jumatatu saa kumi alasiri, masika yakipungua. Wanataka kujifunza wali wa kilo kumi kwa gesi, na plati zetu ni ndogo kwa sufuria hizo. Fundi ametupa bei ya jiko la chini la plati moja kubwa pamoja na fremu yake: sh. 120,000. Fedha ipo, kutokana na mauzo ya mabati na mipira. Matokeo nitayaandika likishawaka.